Mifumo ya mtandaoni isikatae majina yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wetu wanaotengeneza mifumo ya kuombea vyuo, ajira na mikopo. Nina steshenari hapa Nyegezi, Mwanza, na msimu wa maombi ukifika kazi yangu kubwa huwa ni kuwajazia watu fomu mtandaoni.

Huku Usukumani majina yenye ng' yamejaa: Ng'wandu, Ng'wigulu, Ng'hwani. Yako hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Mwombaji anaandika jina lake kama lilivyo, papo hapo yanatokea maandishi mekundu: "Jina si sahihi." Wakati huo taarifa zake hazijatoka hata kwenye kompyuta yangu. Ukurasa wenyewe umewekewa ukaguzi unaoruhusu herufi A hadi Z peke yake. Anayekataliwa jina la babu yake hana wa kumuuliza; anaondoa ritifaa, ile alama ya ('), anakuwa Ngwandu, fomu inapita. Baadaye anaambiwa jina la kwenye mfumo haliendani na la kwenye cheti, akale kiapo kwa wakili. Kiapo kina gharama, na anayelipa ni mzazi aliyeuza mpunga ili apate ada.

Najua kwa nini ritifaa inaogopwa. Alama hiyo ndiyo inayofungia maneno katika SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, na wahalifu huitumia kupenyeza amri zao. Lakini kinga yake haipo kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Mwenye nia mbaya anaweza kuzima JavaScript, lugha inayoendesha ukaguzi huo ndani ya kivinjari, au akatuma taarifa moja kwa moja kwenye seva, kompyuta inayopokea fomu, bila kuufungua ukurasa wenu kabisa. Kinga iwekwe kwenye seva, taarifa za mtumiaji zipelekwe kwenye hifadhidata zikiwa zimetengwa na amri. Njia hiyo ipo siku nyingi na mafundi wanaijua. Kwa sasa ukaguzi wenu unamzuia Ng'wandu na kumwacha mhalifu apite.

Linaloniumiza zaidi ni namba ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, zikigawanywa kwa vistari: 8, 5, 5, kisha 2. Mtu ameitunza kwenye simu pamoja na vistari vyake, jumla alama 23. Kuna fomu iliyowekewa kikomo cha alama 20. Ukiibandika namba hiyo, kivinjari kinakata ziada kimyakimya, na kinachokatika ni kistari cha mwisho na zile tarakimu mbili. Kisha mfumo unadai namba haijatimia. Mzee wa watu anaangalia kadi, anaangalia skrini, anaanza kuhofia kwamba kitambulisho chake kina matatizo. Mstari mmoja wa programu ungetosha kuondoa vistari na nafasi kabla ya kuhesabu. Namba za simu nazo ni hivyo hivyo: ianze na 0 au +255, mradi zile tarakimu tisa zipo, ipokeeni.

Siombi ukaguzi uondolewe. Ukifanywa vizuri unatuokolea bando na muda, kwa kuwa sehemu iliyosahaulika inaonekana kabla fomu haijatumwa, hasa siku ambazo intaneti inasuasua. Ila ujumbe useme kasoro ni nini, kwa Kiswahili, ukae jirani na sehemu yenyewe, na yaliyokwisha kujazwa yasifutwe. Ritifaa nazo zipokelewe zote mbili, iliyonyooka na iliyopinda, maana zipo simu zinazoipinda zenyewe.

Wakuu wa taasisi, kabla ya kuufungua mfumo kwa wananchi, waagizeni mafundi wenu waujaribu kwa majina yanayopatikana katika shule yoyote ya Magu au Maswa. Wafanye hivyo mapema, dirisha la maombi likiwa bado limefungwa. Likishafunguliwa, watoto wanaanza kuandikishwa kwa majina yasiyo yao siku hiyo hiyo.

Mwenye steshenari,
Nyegezi, Mwanza