Kulwa, Masalu anauza gitaa

Mabatini, Mwanza
Jumapili usiku

Ndugu yangu Kulwa,

Mwangaluka, maana najua utaisoma asubuhi. Habari za Dar, habari za joto, shemeji na watoto hawajambo? Huku wazima. Mama yako naye mzima, jana nilimpelekea sato wawili akanikatalia kuondoka mpaka nimalize uji. Mvua zimeanza. Habari za ule ukuta Doto atakwambia mwenyewe, mimi simo.

Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mzee. Sina cha kujitetea, nisamehe. Leo nimeshika kalamu kwa sababu Masalu anauza gitaa.

Sidhani kama amekwambia habari za mkono, maana hata mimi nilizisikia kwa shemeji. Mwezi wa tatu, kwenye karakana ya mbao anakofanya kibarua, mtu wa mashine ya randa hakutokea kazini, Masalu akaambiwa ashike nafasi yake. Mashine yenyewe hajawahi kuigusa. Ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete. Mwenye karakana alilipia hospitali siku ya kwanza, baada ya hapo simu hapokei. Vidole vimepona, ngozi imefunga, ila ukipagusa anaruka kama kapigwa na umeme. Na wewe unaujua mkono wa kushoto wa Masalu. Kwaya imeshapata kijana mwingine. Gitaa lilikaa nyuma ya kabati miezi yote hiyo, na wiki iliyopita akaniambia kapata mteja wa Geita, anakuja mwisho wa mwezi.

Nikamwambia alilete kwangu kwanza, nichomee waya wa ndani, nasikia linakwaruza. Halikwaruzi, nilimdanganya, na Mungu anisamehe kwa hilo. Liko hapa chini ya meza yangu ya kazi na halitoki mpaka umenijibu.

Unazikumbuka zile kanda tatu alizotuletea mjomba wako kutoka Kisumu, enzi zile yuko melini? Paranoid ya Black Sabbath, Machine Head ya Deep Purple, Back in Black ya AC/DC. Zote za kurekodiwa, majina yameandikwa kwa kalamu, hakuna picha wala karatasi ya maelezo. Tunakaa juu ya mwamba nyuma ya kwenu, betri tumezianika juani tangu asubuhi zipate nguvu, na Masalu kazi yake ni kurudisha nyuma tu. Anasikiliza kidogo, anatafuta sauti kwenye lile gitaa la kanisa, anarudisha tena, mpaka wewe unampokonya redio. Wiki mbili nzima kwa kipande kimoja cha Iron Man, ule wimbo wa kwenye Paranoid! Siku alipokipata mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji kule chini. Nilikisikia kutoka bondeni nikadhani ni redio.

Na tulivyobishana kuhusu ule moshi wa Deep Purple, wa kwenye wimbo wa Smoke on the Water. Wewe ulishikilia ni wa wachoma samaki wa Kirumba. Siku hizi najua: ni kasino ya Montreux, Uswisi, iliyoungua tarehe 4 Desemba 1971, Frank Zappa yuko jukwaani, mtu akafyatua fataki ndani ya ukumbi. Deep Purple walikuwa wamekwenda kurekodi albamu humo humo. Wakabaki hotelini wanatazama moshi ukilala juu ya Ziwa Geneva, na Machine Head wakaja kuirekodi kwenye korido za hoteli nyingine. Lakini mimi nikipita Mwaloni jioni, moshi umeshuka juu ya maji, bado nasikia gitaa la Ritchie Blackmore wao, na bado naona ule ni wimbo wetu.

Turudi kwa Masalu. Ozzy, mwimbaji wa Black Sabbath, alipofariki, Julai 22, 2025, wiki mbili na siku kadhaa tu baada ya ile tamasha ya kuaga pale Villa Park, sikulala. Nilisoma kila nilichokipata juu ya Black Sabbath. Ndipo nikakutana na habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wao, na nikaziweka tu kichwani kama mambo ya wasanii. Sikujua nitazihitaji.

Kulwa, Iommi alikuwa kijana wa miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha chuma Birmingham. Ilikuwa siku yake ya mwisho, ameshaacha kazi, anakwenda kupiga muziki. Mchana akarudi nyumbani kula, hakutaka kurudi tena kiwandani. Mama yake akamwambia nenda kamalize kazi yako vizuri. Aliyekuwa anaendesha mashine fulani hakuja siku hiyo, wakamweka yeye. Ikamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete! Mkono wa kulia, kwa sababu yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo ni mkono ule ule wa kubonyeza nyuzi. Niliposikia ya Masalu nilihisi baridi mgongoni.

Wakamwambia hatapiga tena. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa ambaye vidole vyake viwili viliharibiwa na moto na bado akapiga kuliko wenye vyote. Iommi akaenda kuyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akavitengenezea vidole kofia, akazisugua msasa, juu akabandika ngozi ya koti kuukuu. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba, mpaka za banjo akafunga. Ilipofika albamu ya Master of Reality, mwaka 1971, baadhi ya nyimbo akalegeza gitaa zima nusu sauti tatu ili nyuzi zilainike chini ya zile kofia. Sauti nzito kiasi kile, tuliyokuwa tunasema inatikisa mwamba, ni mtu anatafuta nyuzi zisimuumize.

Na haya yalitokea kabla ya Black Sabbath. Albamu ya kwanza waliirekodi Oktoba 1969, kazi ya siku moja tu, ikatoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Hakuna hata noti moja ya Black Sabbath iliyopigwa na vidole vizima. Ile Iron Man ya kule mwambani, Masalu alikuwa anajifunza kutoka kwa mkono kama wake wa leo, na sote hatukujua.

Nilimwita Jumanne. Sikuanza na maneno, niliweka Children of the Grave, wimbo wa kwenye Master of Reality, kwenye spika ya dukani. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, mkono wa kushoto kauficha kwapani, ndivyo anavyokaa siku hizi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniangalia. Halafu akasema, "Huyu kalegeza nyuzi." Sijamwambia lolote bado! Sikio lake lile lile. Nikamweleza habari yote, na ya mashine, na ya mama yake Iommi, na ya chupa. Akauliza swali moja: "Vidole vipi?" Nikamwonyesha kwa mkono wangu. Akanyamaza muda mrefu, kisha akaniambia, "Shija, wewe hupigi gitaa."

Ni kweli sipigi. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Ila mimi ni fundi, pasi ya kuchomea risasi ninayo, na chupa za sabuni ya vyombo zimejaa mtaani. Usiku ule ule nilianza. Kofia ya kwanza niliyeyusha plastiki ikawa donge, nikatoboa tundu kwa ncha ya pasi, ikaniungulia ukuta mmoja ukabaki mwembamba kama karatasi. Hiyo ndiyo nimeifunga kwenye hili furushi, uione kipimo chake. Ya pili ilitoka nene mno, inabonyeza nyuzi mbili kwa mpigo, tena inateleza na kugonga kama punje ya mahindi kwenye sufuria. Ya tatu niliisugua msasa mpaka saa saba usiku, ndani nikaweka kipande cha sponji kwa ajili ya lile jeraha, na juu nikabandika ngozi niliyoikata kwenye ulimi wa kile kiatu changu cha harusi.

Ijumaa akaja. Alipoivaa alikunja uso, machozi yakamlenga, nikataka kumwambia basi tuache. Akashika gitaa, akabonyeza uzi wa tatu, akapiga. Kwanza ikatoka sauti iliyokufa. Akasogeza kidole kidogo tu, kama nywele, akapiga tena, na noti ikatoka safi, ikakaa, ikakaa mpaka ikaisha yenyewe. Moja tu. Hakupiga ya pili. Akaegemeza gitaa, akasema mteja wa Geita ameshatuma nauli. Lakini kofia hakunirudishia. Aliivua akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza ni nyuzi. Alizofunga ni zile nene, na maduka ya hapa mjini niliyoyazunguka yote yana namba 11 na 10. Huko Kariakoo hazikosekani. Nitafutie za gitaa la umeme namba 8, zikikosekana 9, seti mbili. Hela nitakutumia ukinitajia bei, usininunulie bure, najua ada za watoto.

La pili ndilo kubwa. Mpigie. Mimi akinisikia anasikia rafiki anayemwonea huruma, na huruma imemchosha. Wewe ndiye uliyemshikisha gitaa, wewe ndiye uliyekuwa unapiga rithimu yeye solo. Wewe ukimwambia legeza nusu sauti tatu tujaribu, atabisha na wewe kuhusu muziki, na akianza kubisha kuhusu muziki nitajua amerudi. Usianze na pole. Anza na wimbo.

Mama yake nitazungumza naye mimi. Anasema gitaa liende, labda Mungu ametaka kumtoa kwenye miziki ya kishetani. Yule mama nampenda na simlaumu, ile misalaba na yale majina yanatisha kwa mtu asiyejua. Lakini misalaba ile baba yake Ozzy aliitengeneza kwa mikono yake. Wimbo wao wa War Pigs unawalaani wakubwa wanaopeleka watoto wa maskini vitani. Na After Forever, humo humo kwenye Master of Reality, maneno ni ya Geezer Butler, mpiga besi wao, mtoto wa nyumba ya Kikatoliki, na yanamuuliza msikilizaji waziwazi kama ameiwaza roho yake na Mungu wake. Nitamtafsiria mstari kwa mstari nikiwa nimekaa naye jikoni. Atanisikiliza, ni mtu wa haki.

Haya nijibu sasa. Ulishajua habari za mkono ukaninyamazia? Lile daftari ulilokuwa unaandikia nyimbo tulizozipata kwa sikio, unalo bado au lilipotea ulipohama Temeke? Likizo ya Desemba mnakuja, au ndiyo tena mwakani? Shemeji atakuruhusu uje peke yako hata siku tatu? Kidole cha pete kofia niipe ngozi ya kiatu hicho hicho, au laini zaidi, wewe mwenye vidole unaonaje? Na ukimpigia, utaanza na wimbo gani? Mimi ningesema Iron Man, lakini naogopa utamuumiza.

Furushi la dagaa bado sijalifunga na basi linatoka Nyegezi saa kumi na moja alfajiri. Kofia iko ndani ya kiberiti, usije ukaitupa. Mteja anakuja tarehe 30.

Wako,
Shija