Meseji za afya ya akili zifike hadi kwenye kabambe

Mhariri,

Kuwaunganisha watu na huduma za afya ya akili kwa meseji ni jambo linaloifaa Lamu, ambako mtu wa Kizingitini au Kiwayu akitaka kufika hospitali ya Amu (Lamu mjini) hana budi kupanda boti. Tatizo ni kwamba meseji za namna hii huandikwa na wenye simu janja. Linki ya tovuti kwenye kabambe, yaani simu ndogo ya kubonyeza, ni mstari wa herufi tu.

Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ikizidi hukatwa vipande vya 153, na kila kipande hulipiwa. Mtego mkubwa uko kwenye Kiswahili chenyewe: ukinakili maneno kutoka kwenye kompyuta, kile kialama cha juu katika “kung’ang’ana” huja kimepinda, na hapo kikomo cha meseji nzima hushuka hadi herufi 70. Emoji nayo hufanya vivyo hivyo. Bajeti huisha mapema, mtandao ukalaumiwa bure.

Tena, meseji inayotoka kwa jina badala ya namba haijibiki. Itumike namba fupi inayopokea majibu bila kukata salio.

Simu nyingi huku hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Basi meseji ya kwanza isitaje ugonjwa. “Salamu. Ukitaka kuzungumza na mhudumu wa afya, jibu 1” inatosha. Maswali ya kukosa usingizi au moyo mzito yaje baada ya mwenyewe kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Mvuvi akiwa mbali baharini, meseji humngoja mpaka simu ishike mtandao, tofauti na menyu za kubonyeza nyota, zinazokatika katikati na kumrudisha mwanzo. Ila asiandikiwe “jibu leo kabla ya saa kumi”. Huenda akaisoma kesho kutwa.

Zito zaidi ni majibu. Watu hawaandiki “1”. Huandika “nimechoka”, “cjalala”, “kwani nyinyi ni nani?” Mtambo ukirudisha “Chaguo si sahihi”, huyo hatajibu tena. Kila jibu lisilo namba liende kwa mshauri aliye zamu, anayeelewa lahaja za huku, Kiamu na Kibajuni. Usiku, kama hakuna zamu, jibu la mtambo litaje saa atakayopigiwa na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu. Anayeandika kwamba anataka kujiua aambiwe pia kuwa hataitiwa polisi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, na wengi bado hawajasikia.

Namba zilizonyamaza muda mrefu ziondolewe kwenye orodha. Laini isiyotumika hupewa mtu mwingine, na siri ya mteja ikaenda nayo.

Wahudumu wa afya ya akili,
Lamu