Mtoto asiyepokea mafuta: vitamini E isisahaulike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wazazi na wahudumu wa afya jambo moja kuhusu abetalipoproteinemia, ugonjwa adimu wa kurithi. Ushauri unaoshikwa haraka ni kumpunguzia mtoto mafuta. Akipunguziwa, kuhara hukoma, na kile kinyesi cha kung'aa, kinachoelea na kunata chooni, hurudia hali ya kawaida. Hapo ndipo watu hulegea, wakasahau vitamini E.

Mtoto huugua akirithi jeni mbovu ya MTTP kwa baba na kwa mama pia. Mafuta huingia kwenye seli za utumbo yakanasa humo humo, kwa kuwa hayapati chombo cha kuyapeleka kwenye damu. Vitamini A, D, E na K husafiri nayo, kwa hiyo nazo hukwama. E ndiyo huathirika zaidi, maana hata ndani ya damu hubebwa na chombo hicho hicho. Ikikosekana miaka mingi, macho hushindwa kuona gizani, kisha mwendo huyumba. Uharibifu huo ukishakomaa, ni vigumu kuurudisha nyuma.

Dozi ya vitamini E ni uniti za kimataifa (IU) 100 hadi 300 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 10, basi, anameza 1,000 hadi 3,000 kila siku, na mfamasia asiyeujua ugonjwa huu anaweza kudhani daktari amekosea kuandika. Halafu kuna mtego: kipimo cha damu huonyesha vitamini E iko chini hata mgonjwa akimeza dozi kamili. Asiachishwe kwa sababu hiyo.

Vitamini A ni uniti 100 hadi 400 kwa kilo kwa siku, nayo ikizidi hudhuru ini, hivyo ipimwe. D ni uniti 800 hadi 1,200 kwa siku. K ni miligramu 5 hadi 35 kwa wiki, huku kuganda kwa damu kukifuatiliwa.

Mafuta ya chakula yabaki chini ya asilimia 30 ya nishati, wengine huvumilia kiasi kidogo zaidi ya hapo tu, lakini yasiondolewe yote. Hadi kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya soya kwa siku humpa mtoto asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Yale mafuta maalumu ya mnyororo wa kati, yanayopita njia nyingine kuingia kwenye damu, yamehusishwa na makovu ya ini. Mzazi asiyaanzishe kwa uamuzi wake.

Kwa mtoto anayehara tangu uchanga na hakui, daktari aagize kipimo cha mafuta ya damu: kolesteroli huwa chini mno na trigliseridi karibu na sifuri. Chini ya darubini, chembe nyekundu huonekana zina miba. Wazazi nao wapimwe. Kolesteroli yao ikiwa nusu ya kawaida, huenda ni ugonjwa ndugu wa huu, hipobetalipoproteinemia. Tiba yake ni ile ile.

Msomaji wako