Hiyo sifuri ya ukurasa wa pili ifute

Iringa,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Ambakisye,

Kamwene! Habari za Mbeya, habari za baridi, shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ni vumbi na upepo tu. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka na una haki ya kuninunia, lakini ninunie baadaye. Mpango wako wa mashindano ya sarakasi za ndege nimeupata kwa Sanga juzi, nimeusoma mara mbili, na kuna mstari mmoja ukurasa wa pili, kuhusu altimita (kipima kimo cha ndege), umeninyima usingizi.

Umeandika: "Kabla ya kuruka, kila rubani aweke altimita yake isome sifuri uwanjani."

Ifute. Ifute leo, kabla Tuntufye hajaenda kutoa fotokopi.

Najua umeitoa wapi. Wenzetu wenye viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari hufanya hivyo, na kwao ni sawa kabisa: rubani akitupia jicho mshale anajua yuko juu ya ardhi kiasi gani bila kupiga hesabu akiwa kichwa chini miguu juu. Lakini uwanja wetu wa Usangu uko futi 3,500. Mgandamizo wa hewa pale chini ni kama hektopaskali 890 na ushee, na altimita nyingi kidirisha chake cha kuwekea mgandamizo kinaishia 950 hivi. Haifiki. Rubani atazungusha kitufe mpaka kigote, na mshale bado utasoma futi 1,500 na zaidi huku magurudumu yako kwenye majani. Sasa kumbuka sakafu ya boksi (ile nafasi ya angani ya kuchezea, ambayo rubani hashuki chini yake) kwa madaraja ya Primary na Sportsman ni futi ngapi juu ya ardhi. Ni 1,500. Mtu akichanganya hizo mbili akiwa anashuka kwenye spini, ndege inazunguka kama pia... sitaki hata kuimalizia.

Kwa hiyo andika hivi: wote waruke kwa QNH, yaani mgandamizo ambao altimita ikiwekewa husoma kimo kutoka usawa wa bahari. Mnara wa kuongozea ndege hatuna, lakini QNH hauhitaji mnara. Ndege ikiwa imeegeshwa, zungusha kitufe mpaka altimita isome 3,500, kisha soma kidirishani. Namba inayoonekana ndiyo QNH ya saa hiyo. Fanyeni kwa ndege tatu, mlinganishe. Ukishatangaza namba moja kwa wote, altimita inayopishana na 3,500 kwa zaidi ya futi 75, ndege hiyo ikae chini mpaka fundi aitazame. Na bahati nzuri uwanja wenyewe umetupa hesabu nyepesi: sakafu ya Primary na Sportsman inakuwa 5,000, ya Intermediate (1,200 juu ya ardhi) inakuwa 4,700, na dari ni 7,000. Kila rubani aandike namba zake mbili kwa kalamu nene kwenye karatasi nyeupe, aibandike chini ya altimita. Asitegemee kichwa.

Na mkiruka hadi mchana, urudie zoezi hilo. Ukanda wetu huu mgandamizo hupanda na kushuka kila siku kama saa ya ukutani: kilele ni saa 4 asubuhi, chini kabisa ni saa 10 jioni, tofauti hektopaskali mbili tatu. Hiyo ni futi 60 hadi 90, tena upande mbaya, maana altimita itamwambia yuko juu kuliko alipo.

Jambo la pili ni mtoto wa hilo la kwanza. Umeweka Sportsman wote mchana "ili watazamaji wawahi kufika". Watazamaji wataona nini, ndege zikitoka nje ya boksi? Katikati ya boksi ni kama futi 6,000. Mchana kukiwa na nyuzi 23 huko juu, hewa inakuwa nyembamba kama ya futi 8,400 ya kwenye vitabu. Injini isiyo na turbo inabakiwa na robo tatu ya nguvu zake. Kipima mwendo kitaonyesha kasi ileile aliyoizoea, lakini ndege inakwenda kasi zaidi kwa asilimia 13 hivi, na kwa kuwa ukubwa wa lupu (duara la wima) hufuata mraba wa mwendo, lupu ileile kwa G zilezile (mkandamizo uleule mwilini) inapanuka kwa zaidi ya robo. Boksi halipanuki, ni mita 1,000 kwa 1,000 pale pale. Wale wa kutoka Dar watashangaa sana. Waambie mapema kwa barua, wasije kuambiwa kwenye kikao cha asubuhi: waingie karibu na dari, maana kimo wakikipoteza hawatakirudisha, na mifululizo yao huru (mpangilio wa maumbo, yaani michezo ya angani, wanaojichagulia) waiandike upya, maumbo yanayokula nguvu yawe mwanzoni. Waambie pia wapunguze mafuta kwenye mchanganyiko wa petroli na hewa jinsi kitabu cha ndege kinavyoelekeza. Aliyezoea pwani husukuma mpini mpaka mwisho, injini inakabwa na petroli, halafu anasema ndege mbovu.

Asubuhi si dawa ya kila kitu, lakini hewa imetulia. Ndege ya kwanza iwe juu saa 2, ya mwisho ishuke saa 5. Jioni mtakula wali.

Halafu majaji. Umewaketisha kusini mwa boksi wakitazama kaskazini. Hapo tena umenakili kwa watu wa Ulaya, ambao jua lao liko kusini mwaka mzima! Sisi mwezi wa saba jua liko kaskazini. Ukiwaweka hivyo watakuwa wanahukumu miale. Wahamishie kaskazini, migongo kwenye jua, mita 150 hadi 250 kutoka ukingo wa boksi. Milima ya Kipengere nyuma ya ndege haitasumbua, maana kutoka pale wanatazama juu, si mbele. Ila kuna gharama yake: kusi la Julai huvuma kutoka kusini mashariki, kwa hiyo litawasukuma marubani kuwaendea majaji. Lisemwe kwenye kikao, na mtu aanze upande wa mbali wa boksi. Ndege ikivuka mstari wa majaji, jaji mkuu asimamishe, asisubiri umbo liishe.

Neno la kusimamisha liwe moja, litamkwe mara tatu redioni, na kila rubani alitamke mwenyewe kikaoni ili ujue kalisikia. Redio za mkononi mbili na betri za akiba. Redio ikizimika, turubai jekundu lifunguliwe mbele ya majaji kwa umbo la X. Ndege moja ndani ya boksi, moja ikisubiri pembeni, moja chini injini inawaka. Ya nne ikipanda umeshaharibu.

Alama za boksi: usitumie chokaa. Mabua ya mpunga yakikauka yana weupe wake, na saa 5 kutoka juu huoni tofauti. Nunua turubai la rangi ya chungwa upana mita moja. Pembe nne, kila moja mikono miwili ya mita 10, jumla 80. Katikati ya kila ukingo kipande cha mita 10, jumla 40. Msalaba wa katikati 20. Nunua mita 150, kumi za kuziba viraka. Ukishapima pande kwa GPS, pima na mshazari: lazima ipatikane mita 1,414 pande zote mbili, ikikataa boksi lako ni sambamba iliyolala. Vigingi viwe virefu, juu yake mifuko ya mchanga, si mawe. Na toboa matundu upepo upite. Ng'ombe watayakanyaga usiku, hilo lichukulie limeshatokea. Mtu ayazungukie kila alfajiri.

Watu hawatoshi. Umeandika 11. Hao ni majaji tu: majaji watatu, kila mmoja na msaidizi wa kumsomea maumbo na mwandishi wa kuandika, tisa, jaji mkuu na msaidizi wake, 11. Bado hujaweka wa kuruhusu ndege kuondoka, wawili wa maegesho, wawili wa kujumlisha maksi, wanne wa zimamoto, wawili wa mifugo na watoto. Wanafika 22 kabla ya mama Neema na sufuria zake.

Waandishi wafundishwe siku moja kabla. Jaji hajawahi kuharibu mashindano kama mwandishi anavyoweza: akiruka umbo moja, maksi zote za chini yake zinapanda mstari mmoja, na hakuna anayegundua mpaka jioni. Dawa ni msaidizi kutaja namba ya umbo kwanza, "la nne, lupu", ndipo jaji atoe maksi. Jaji huanza na 10, hupunguza nusu maksi kwa kila nyuzi 5 za kosa. Akilikosa umbo kwa sababu alipiga chafya, aandike A apewe wastani wa wenzake, asibuni. Umbo tofauti na lililo kwenye karatasi ni sifuri, hata likipendeza vipi. Maksi zizidishwe na K (kizidishi cha ugumu) ya umbo kwenye katalogi ya Aresti, ile orodha ya maumbo yote: lupu ina K 10, ikipata 7.5 ni 75. Kalamu ya wino. Na fomu nimeona umechapa A peke yake. Hiyo ni ya kuandikia maksi. Chapa na B na C, picha za maumbo upepo ukitoka kulia na ukitoka kushoto, vinginevyo wasaidizi watasoma kinyumenyume.

Mafuta sasa. Marubani wanane, kila mmoja mara tatu za mashindano na moja ya mazoezi, ni 32; weka lita 20 kila mara pamoja na kusubiri, 640. Ndege tano za kurudi makwao, lita 80 kila moja, 400. Ni 1,040, yaani mapipa sita ya lita 200 na la saba la akiba, kwa sababu chini ya pipa hupaswi kufika. Avgas (petroli ya ndege), ya bluu, si mafuta ya ndege za jeti. Dereva wa lori haoni tofauti, wewe uione. Pipa lisimame usiku kucha likiwa limeinamishwa kidogo kwa kipande cha ubao, pampu iingie upande wa juu, mdomo wake usiguse chini. Chujio la kutenga maji. Waya wa kukata umeme tuli uunganishwe pipa na ndege kabla kifuniko hakijafunguliwa, na faneli ya plastiki mchome moto mkapikie chai, mbali na mapipa.

Ukaguzi wa ndege sitaurefusha, Kalinga anaujua: mikanda, tarehe ya parachuti kukunjwa, na kila kitu kilicholegea ndani kitoke. Sarafu moja chini ya pedali ya usukani wa mkia inatosha kuikwamisha. Lakini nataka kwa kila ndege karatasi moja ya zimamoto yenye picha: kifuniko cha chumba cha rubani kinafunguliwa wapi, mafuta yanafungwa wapi. Kisu cha kukata mikanda kiwepo, shoka liwepo.

Ndege wenye manyoya usiwasahau. Mpunga ukiwa bado haujaisha kuvunwa, kweleakwelea huja kama wingu, zaidi asubuhi na jioni. Na wakulima wakichoma mabua moshi unalala bondeni. Visipoonekana vilima vya kilomita 5, hakuna kuruka. Ongea na mwenyekiti wa kijiji asitishe moto siku tatu.

Narudi kwenye sifuri yangu. Hata ukishaifuta kwenye karatasi, kuna mtu ataiweka kwa mazoea, au atajaribu. Mpe kazi yule wa kuruhusu ndege: kabla hajainua bendera, achungulie ndani, aone mshale uko 3,500. Ukisoma namba nyingine yoyote, mkono haupandi. Nimelisema mara ya tatu, nivumilie.

Sasa nijibu, tena si kwa maneno mawili kama kawaida yako. Kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) umeshaomba, na NOTAM, lile tangazo la kuwatahadharisha marubani wengine, nani anaifuatilia? Umehakikisha boksi haligusi eneo la hifadhi upande wa kaskazini? Hiyo 3,500 ya uwanja uliipima, au ni ya kwenye simu ya Sanga? Maana namba zangu zote zimesimama juu yake. Gari la wagonjwa litakaa pale pale au litaitwa? Jaji wa tatu amekubali, au bado anadai nauli? Na turubai Mbeya mjini ni bei gani siku hizi, nikutumie huku wanakouza kwa mita?

Msalimie shemeji. Mchele wa safari hii uwe wa kwenu kweli, ule wa mwisho ulikuwa na mawe ya kutosha kushikilia turubai.

Wako,
Chengula

Nimesahau: kitufe cha altimita kikigota msikilazimishe, meno yake ya ndani ni laini.