YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA SOMO LA MICHEZO KWA WATOTO WA AWALI

Ndugu wazazi na walezi,

Tunafunga shule Ijumaa hii saa sita mchana. Ripoti zimo kwenye mabegi ya watoto. Zisomeni, mzisaini, zirudi tukifungua Julai.

Waliofika Jumamosi kwenye maonyesho ya watoto wa awali walijionea wenyewe. Uwanja wetu mnaujua, mchanga mtupu na mwembe mmoja. Mwalimu alipanga matairi chakavu, akalaza kamba za katani chini na kuweka ubao mrefu juu ya matofali. Watoto wa miaka minne na mitano waliruka tairi hadi tairi, wakapita juu ya ubao mikono wameitanua, wakatambaa chini ya kanga zilizofungwa kwenye viti, kisha wakarusha mpira wa matambara kwenye ndoo. Nimefundisha muda mrefu, na sijapata kujivunia watoto wangu kiasi kile.

Yupo mtoto mmoja ambaye Januari, kila mpira ukija, alifumba macho na kugeuza uso. Wengi huanza hivyo. Mwalimu alimwanzishia puto, kwa kuwa puto hushuka polepole na macho hupata muda wa kulifuata. Akaja kwenye mpira mkubwa laini, anaudaka kwa kuukumbatia kifuani. Jumamosi aliudaka mpira mdogo kwa viganja, macho wazi, na bibi yake akapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama getini.

Hayo hayaji kwa umri peke yake. Mtoto huanza kuumudu mwili kuanzia kichwani kushuka miguuni, na kuanzia kiwiliwili kwenda vidoleni. Bega na mgongo visipokuwa imara, vidole navyo hupata taabu kutulia kwenye penseli. Vilevile kurusha: mdogo hutanguliza mguu wa upande uleule wa mkono unaorusha, mpira unaanguka karibu. Mwalimu humchorea nyayo mchangani, akakanyaga hapo kwa mguu wa upande wa pili, mara mpira unafika. Hayo ni mafundisho, yanaandaliwa kama somo lolote. Sisemi kuruka kamba kunamfundisha mtoto kusoma. Kusoma kunafundishwa kwa kusoma, na walimu wetu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wanaifanya kazi hiyo kila asubuhi. Nasema mtoto anauhitaji mwili wake maisha yake yote, na huu ndio umri wa kuujua.

Kwa hiyo ujumbe uliozungushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kwamba hamlipi ada watoto wakaruke kamba, umeniudhi sana. Tangu siku ile, Jumatano na Ijumaa, siku za somo la michezo, madarasa ya awali yamekuwa na viti vitupu. Watoto wanabakizwa nyumbani, na wengine, nimethibitisha, wanapelekwa tuisheni. Tuisheni, mtoto wa miaka minne! Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kwa siku, 60 kati yake za kumtoa jasho, na asizidishe saa moja mbele ya televisheni au simu. Watoto wetu wanapanda gari la shule alfajiri, wanakwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, jioni wanakabidhiwa simu. Tukiwanyima na uwanja, watakimbilia wapi?

Baya zaidi, mzazi mmoja aliingia uwanjani somo likiendelea, akamvuta mwanawe mkono kwa sababu soksi zimechafuka, akamfokea mwalimu mbele ya watoto. Mtoto alilia hadi kengele ya kutoka. Hilo halitarudiwa katika shule hii. Mwenye hoja aje ofisini, mlango uko wazi; uwanjani hapiti mzazi bila ruhusa yangu. Na kuanzia Julai, mtoto atakayekosa Jumatano au Ijumaa bila taarifa, mzazi wake ataitwa.

Ada. Waliokuja kueleza shida zao tumeelewana, na nawashukuru. Nawasema wasiopokea simu za mhasibu, ilhali walimu wanasubiri mishahara. Anayedaiwa awamu ya pili amalize kabla ya kufungua. Mtoto wa mdaiwa aliyekaa kimya hatapokelewa, na msije getini asubuhi ile kunibembeleza.

Likizoni waacheni wacheze rede na kombolela na wenzao mtaani. Wafundisheni mdako: kete moja iko hewani, jicho linaifuata, mkono unazoa nyingine shimoni. Hakuna kifaa cha dukani kinachoushinda. Tukifungua, kila mtoto wa awali aje na raba na soksi ambazo mzazi wake yuko radhi zichafuke.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu
Dar es Salaam