Mheshimiwa Waziri, fungu la utamaduni lisiguswe

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,

Assalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Wete, Pemba, nikiwa na ombi kabla ya bajeti kwenda kusomwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Kila fedha zinapokuwa finyu, mikato huanzia kwetu: ruzuku za vikundi, posho za walimu wa ngoma, nauli za matamasha, matengenezo ya kumbi za shehia. Kabla hujatia saini, nisikilize.

Jana baada ya alasiri nilikaa na kijana wa miaka 12 mbele ya ganuni, ala ya nyuzi ya taarabu. Chombo hiki kina nyuzi zaidi ya 70, na kila sauti ina nyuzi zake tatu. Lazima tatu hizo zilie kama moja; mmoja ukipungua kidogo tu, mkwaruzo unasikika hadi barazani. Kijana kashika ufunguo, sikio kaliinamisha karibu na ubao, anakaza, anasikiliza, analegeza, anasikiliza tena. Saa nzima ilipita hajapiga wimbo hata mmoja. Mara nyuzi zikakubaliana. Akanitazama, sikumwambia kitu, na alijua. Elimu hiyo mimi niliipata kwa mwalimu wangu, goti kwa goti, naye aliipata vivyo hivyo. Uzi ukikatika hapa Wete hakuna duka la kukimbilia. Unaagizwa, na mpaka ufike tunapiga na pengo.

Barabara ukiisimamisha mwaka mmoja, mwaka wa pili utaikuta pale pale, utamalizia. Mtoto aliyeacha kuja kujifunza humkuti. Keshakwenda Unguja kutafuta riziki, au kavuka kwenda Dar es Salaam. Na mwalimu mzee hangoji bajeti ijayo. Ndiyo maana nasema fedha ya sanaa ikikatwa leo, mwakani hairudishi kilichopotea hata ikiongezwa maradufu.

Mwaka mmoja tulialikwa Unguja. Watoto walifanya mazoezi miezi mitatu, wazee wakajikusuru kuwashonea kanzu. Siku mbili kabla ya safari tukaambiwa nauli ya boti imeondolewa. Niliwakuta ukumbini wamekaa chini na nguo zao mpya mapajani, na sikuwa na la kuwaambia. Wawili kati yao hawakurudi tena mazoezini.

Mheshimiwa, sote tunaikumbuka tarehe 25 Disemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba letu la kihistoria Mji Mkongwe, ilipoporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile lilisimama tangu 1883, na lilikuwa limeanza kuachia miaka mingi kabla ya siku ile. Lilipoanguka dunia nzima iliona. Ngoma ikifa hakuna vumbi linaloruka. Hapa Pemba tuna kibati, wachezaji wanajibizana kwa maneno ya papo kwa papo huku ngoma zikienda mbio. Mwenye ulimi mzito hawezi hata kuingia. Tuna msewe, mchezo uliopewa jina la misewe inayofungwa miguuni itoe mlio. Siku atakapozikwa mtu wa mwisho anayejua kujibu kibati, nani atapiga simu wizarani?

Najua nitaambiwa tutafute wafadhili. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, la Unguja, lilianza 2004, likavuta watu kutoka pembe zote za dunia, na 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, cha Unguja, kilifunguliwa 2002. Kufikia 2019 kilikuwa hatarini kufungwa kwa sababu hiyo hiyo. Hao wana jina mpaka Ulaya. Kikundi cha shehia Micheweni kitamwandikia nani? Utamaduni si jambo la Muungano, Mheshimiwa. Uamuzi ni wetu Wazanzibari, na umo mikononi mwenu.

Wengine husema zamani sanaa ilijilisha yenyewe, na humtaja mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akiuza vyungu hadi sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Ni kweli, na namwonea fahari kama wao. Ila Siti alipata watu wa kukaa naye wakamfundisha uimbaji. Mimi ninachoomba ni watu hao hao wawepo kwa watoto wa leo.

Kwa hiyo naomba ruzuku ya vikundi vya Unguja na Pemba isipunguzwe hata shilingi, na itoke mapema badala ya mwisho wa mwaka wa fedha, wakati shughuli zimeshapita. Naomba walimu wazee wa ngoma na taarabu walipwe posho wafundishe vijana wawili wawili, na skuli ziwafungulie milango jioni. Na kila tamasha la Unguja linaloalika watu wa Pemba litengewe nauli yao tangu mwanzo.

Ukija Pemba, pitia Wete baada ya alasiri. Hutahitaji msafara. Kijana wangu atakuwapo na ufunguo wake, na nyuzi za juu bado hajazimaliza.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa ganuni
Wete, Pemba