Pepa ya chakula na utandawazi, someni kabla ya Jumamosi
Wadau habari zenu, kuhusu ile pepa jamani msiandike tu "chakula duniani", ni kubwa mno, chagua kitu kimoja kwenye sahani ukifuatilie. Mfano chapati, asili yake India, na ngano Tanzania tunaagiza nyingi toka nje, na vita ya Ukraine, nchi inayouza ngano nyingi nje, ilivyoanza Februari 2022 bei ya ngano duniani ikapaa, sasa uliza mama ntilie wa mtaani kwenu alifanyaje? Hilo tayari ni swali la utafiti. Takwimu za kuagiza ziko FAOSTAT, tovuti ya takwimu ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), bure kabisa, unachagua nchi, zao na mwaka. Wikipedia isome upate picha ila usiinukuu, shuka chini kwenye marejeo yake ukayasome yenyewe. Jumamosi kila mtu aje na swali lake limeandikwa, tafadhali sana.